Kona ya Yaya: Kivuli si adui wa mimea ya tangini

Leo nimelitanguliza swali moja mbele ya mengine kwa sababu mmeniuliza wengi, wa mitaa yetu ya Lubumbashi, wa Katuba, wa Kenya, wa Kamalondo, hata wa Ruashi, na kwa maneno yanayokaribiana: "Yaya, nina tangi la samaki sebuleni. Nyumba yetu ina giza, ukuta wa jirani umeziba dirisha, na umeme unakuja na kuondoka. Kila nikipanda mimea hai ndani ya maji, inaoza. Ninunue taa kubwa, au nibaki na majani ya plastiki?"

Taa kubwa usinunue, na majani ya plastiki achana nayo. Badili mmea, kisha badili namna ya kuupanda. Mimea mingi inayofia matangini mwetu haiuawi na giza. Inauawa na kufukiwa vibaya, na kuhamishwa kila Jumamosi, na taa kali iliyoletwa kama dawa. Chagua mmea uliolelewa na kivuli, uupande unavyopenda wenyewe, uuache utulie. Sebule yako inatosha kama ilivyo.

Mmea wa kwetu

Wapo wanaodhani akwariamu ni starehe ya Ulaya na mimea yake lazima itoke huko. Hapana. Mmea unaoaminiwa na wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote kwa matangi yenye mwanga mdogo ni wa Afrika. Unaitwa Anubias. Ukoo wake wote ni wa Afrika ya magharibi na ya kati, na misitu ya Kongo imo. Mtaalamu wa mimea wa Austria, Heinrich Schott, ndiye aliyeupa jina hilo katika vitabu vya sayansi mwaka 1857, lakini vijito vya msituni vilikuwa vinaulea tangu zamani.

Huko kwao miti mikubwa imefunika anga, na mwanga unaofika chini ni ule uliobaki baada ya majani yote ya juu kula. Anubias hushika mawe na magogo kando ya maji. Mvua ikijaa inazama, kiangazi kikifika inabaki nje. Jani lake ni nene na gumu, kijani iliyokolea, na jani moja hudumu muda mrefu sana. Halina haraka: mmea wenye afya hutoa jani jipya kwa majuma matatu au manne hivi. Ile ndogo, Anubias barteri aina ya nana, ndiyo inayofaa zaidi tangi la nyumbani.

Ndugu yake wa kivulini ni Bolbitis heudelotii, kangaga ya majini inayoota kwenye mawe ya vijito tangu Senegali hadi Ethiopia, na kushuka mpaka kusini mwa Afrika. Majani yake yamechanika vizuri na kijani yake inaangaza kidogo. Inapenda maji yanayotembea, kwa hiyo iweke karibu na mdomo wa pampu.

Wa tatu ni Ceratophyllum, mmea usio na mizizi kabisa, wenye majani membamba kama sindano, unaoelea tu. Haudai mchanga wala kupandwa, unanyonya uchafu wa samaki moja kwa moja kutoka majini. Wa nne ni Vallisneria, nyasi ndefu za majini zinazoota hata katika Ziwa Tanganyika. Hizi zinataka mwanga zaidi kidogo, basi zipe upande ulio karibu na taa. Ukipata Cryptocoryne wendtii, ya Sri Lanka, ichukue pia, nayo imezoea kivuli. Kwa anayeanza, mimea hii inatosha kabisa. Mingine myekundu inayopendeza pichani iache kwanza, hiyo ndiyo inayodai taa kali.

Kwa nini taa kubwa haisaidii

Mmea wa majini unahitaji mwanga, hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, na mbolea, vyote kwa pamoja. Kwenye tangi letu la kawaida hewa ya ukaa ni kidogo, hasa ile inayotokana na pumzi za samaki na mabaki yanayooza. Ukiongeza mwanga peke yake, mmea hauna cha kuuunganisha nao. Anayefaidi ni mwani. Kioo kinapata utando wa kijani, na pembeni mwa majani ya Anubias vinaota vishungi vyeusi vigumu kung'oa. Mwenye tangi anaona uchafu, anadhani mwanga haujatosha, anaongeza tena. Hapo pesa zinakwenda na mmea unakufa.

Basi pima. Kwa mimea ya kivuli, lumeni 10 hadi 20 kwa kila lita zinatosha. Tangi la sentimita 60 kwa 30, lenye kimo cha 35, lina lita kama 60. Balbu ya LED ya wati 9, hii hii ya dukani, hutoa lumeni 800 hivi. Umeona? Balbu moja imekumalizia kazi. Chagua yenye mwanga mweupe wa mchana, ile iliyoandikwa 6500 K kwenye boksi. Iwashe saa sita hadi nane kwa siku, na ikiwezekana saa zile zile kila siku. Mwanga wa dirisha uliotawanyika ni wa bure na ni mzuri, ila jua lenyewe lisipige kioo. Na kwa usalama wa nyumba, waya wa taa na wa pampu uninginie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisifuate waya hadi kwenye umeme.

Kupanda: hapa ndipo wengi mnapoipoteza

Shika Anubias mkononi uitazame. Utaona shina nene linalolala, lenye vifundo kama tangawizi, majani yakitokea juu yake na mizizi ikishuka chini. Uhai wa mmea wote uko kwenye shina hilo, na halitakiwi kufukiwa. Likizikwa mchangani linakuwa laini, linatoa harufu, na majani yanaachia moja moja hali yakiwa bado mabichi. Ukiona jani la kijani linaelea juu ya maji, kabonyeze shina. Gumu ni zima. Likibonyea, kata sehemu yote iliyooza kwa kisu kisafi mpaka ufike palipo pagumu, kisha uanze upya na kilichobaki.

Namna ya kuipanda ni hii. Kama mmea umekuja kwenye kikopo chenye pamba ya mawe, au umezungushiwa kipande cha risasi, viondoe vyote. Suuza mizizi, ipunguze ibaki na urefu wa vidole viwili. Tafuta jiwe lenye mikwaruzo, au kipande cha tofali la kuchoma lililo safi. Laza shina juu yake, zungusha uzi wa pamba mara tatu au nne ukipita katikati ya majani, funga bila kukaza mpaka ukakata shina. Weka chini ya maji, upande wa kivuli. Uzi utaoza wenyewe baada ya majuma kadhaa, na wakati huo mizizi itakuwa imekwisha kung'ang'ania jiwe. Bolbitis nayo ifunge vivyo hivyo.

Cryptocoryne na Vallisneria ni tofauti, mizizi yake inataka kuwa ndani ya mchanga wenye kina cha vidole vitatu. Hapo udongo wetu mwekundu unafaa sana, maana una chuma. Finyanga kidonge kidogo cha udongo wa mfinyanzi, kikauke kabisa, kisha ukisukume chini kabisa karibu na mizizi. Kimoja kwa kila mmea kinatosha. Ukikiacha juu juu, maji yatageuka matope.

Na msishtuke: Cryptocoryne ikihamishwa, majani yake yanaweza kuyeyuka yote kwa siku chache. Mizizi iko hai. Ondoa majani yaliyooza, usiing'oe kutazama. Baada ya majuma machache itachipua majani mengine yaliyozoea maji yako.

Tahadhari ya Katanga

Hili nalisema kwa moyo wote, kwa sababu vitabu vya akwariamu vinavyoandikwa kwingine havilitaji. Tunaishi juu ya shaba. Nyumba nyingi za Lubumbashi zina jiwe la malakiti, limechongwa yai, tembo au kisahani cha majivu, na rangi yake ya kijani inapendeza kiasi kwamba mtu anaona mahali pake ni ndani ya tangi. Msiliweke. Malakiti ni shaba iliyoungana na kabonati, na maji yenye uchachu kidogo huilegeza shaba hiyo taratibu. Konokono na kamba wadogo ndio wa kwanza kufa, kisha samaki. Vivyo hivyo misalaba ya shaba ya zamani, sarafu, na vipande vyeusi vya mabaki ya kiyeyusho cha shaba vinavyong'aa kama kioo. Vibaki kabatini.

Na mchanga? Usiuchote kwenye kijito kinachopita chini ya mgodi au karibu na mahali wanapooshea madini. Na udongo wa vile vidonge usiuchimbe upande wa kaskazini-magharibi wa kiyeyusho cha mjini. Kiyeyusho hicho kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo umekuwa ukisukuma moshi wake upande huo, na watafiti wamekuta shaba na zinki nyingi kwenye ardhi ya huko. Chukua udongo wa mbali na mji, kwenye kichuguu cha shambani kwa mfano. Mchanga wa ujenzi unaotoka mahali unapopajua unafaa, ila uoshe. Tia kwenye beseni, mimina maji, koroga kwa mkono hadi chini, mwaga maji machafu, rudia. Utakoma pale maji yatakapobaki meupe hata ukikoroga kwa nguvu. Kazi hii inachosha mikono, lakini ndiyo inayokuokoa na tangi lenye ukungu mwezi mzima.

Maji yako ni ya namna gani?

Tazama ndani ya birika. Kama kuna gamba jeupe, maji yako ni magumu, yaani yamepita kwenye miamba ya chokaa na dolomiti, iliyo mingi katika ardhi yetu. Usihangaike kuyabadilisha. Vallisneria na Ceratophyllum huyapenda, na Anubias inayavumilia bila shida. Anayetumia maji ya bomba ayaache usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini itoke. Anayetumia maji ya foraji, yaani kisima kirefu cha kuchimbwa, aanze na konokono wachache kabla ya samaki: wakitembea na kula vizuri kwa wiki mbili, maji yanafaa. Wakifa wote, tafuta maji mengine, shaba inaweza kuwa imo.

Kila wiki toa robo ya maji, rudisha mapya yenye joto linalokaribiana. Maji unayotoa usiyamwage kwenye mtaro. Yana mbolea ya samaki, yamwagie lengalenga.

Umeme ukikatika, baridi ikija

Sasa habari njema kwa wenye nyumba za umeme wa kuja na kwenda. Anubias haifi kwa siku mbili tatu za giza. Wafugaji wengine hufunika tangi makusudi kwa siku tatu ili kuuvunja nguvu mwani, na mimea ya kivuli inatoka salama. Kwa hiyo umeme ukirudi, usiwashe taa usiku kucha kufidia saa zilizopotea. Rudi kwenye saa zako za kawaida.

Wa kuhurumiwa ni samaki. Gizani mimea nayo inapumua oksijeni ile ile wanayoitaka samaki, na pampu imesimama. Ukiwaona wamekusanyika juu wanahema, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka kimo cha mkono, mara nyingi, kwa dakika kadhaa, na kifuniko ukiache wazi. Siku hiyo usiwalishe. Kama kichujio chako ni cha kufungika na umeme umekatika saa nyingi, kabla ya kukiwasha kifungue, suuza sponji yake kwa maji ya tangi uliyochota kwenye ndoo, kwa sababu uchafu uliofungiwa humo umeanza kuoza. Kinga kubwa kuliko zote ni samaki wachache. Tangi la lita 60 lenye samaki wadogo wanane au kumi linavumilia usiku mrefu, lenye thelathini halivumilii.

Juni na Julai mnazijua. Mji wetu uko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na usiku wa miezi hiyo unashuka chini ya nyuzi 10. Tangi liondoe karibu na dirisha la vioo vya kupachika, lizungushie blanketi usiku pande tatu, na maji mapya yachanganye na ya moto kidogo kabla ya kumimina. Mimea itapunguza mwendo. Hilo si ugonjwa, usiiongezee mbolea. Mvua zikirudi na joto likapanda, majani mapya yatatoka.

Wa kukaa nao

Tilapia wachanga wa bwawani usiwaweke na mimea. Aina moja ya kwetu, Coptodon rendalli, chakula chake hasa ni majani, na itamaliza Vallisneria yako kabla ya Jumapili. Wale samaki wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya magamba ya konokono ni wazuri na hawali mimea, ila wanachimba mchanga mchana kutwa. Kwao weka Anubias juu ya mawe, usipande cha mizizi. Katanga ina pia Nothobranchius wake, samaki wa madimbwi ya mvua ambao dimbwi likikauka wakubwa hufa, na mayai hungoja ndani ya tope hadi mvua nyingine. Hao wanapenda mwanga hafifu na mimea ya kujificha, na maisha yao ni mafupi, basi mtoto aelezwe mapema. Kwa anayeanza, gapi wachache wanatosha. Ni wagumu, na wanakula viluwiluwi vya mbu.

Nimetaja mbu, basi nimalizie. Tangi lenye samaki halizalishi mbu. Ndoo ya mimea ya akiba iliyosahauliwa uani inazalisha. Ifunike kwa chandarua, au tia gapi wawili humo.

Na mimea inapozidi, usiitupe mtoni, hata kama ni vipande vidogo. Gugu maji lililoletwa kutoka Amerika ya Kusini kama ua la kupendeza liliuvamia mto Kongo katika miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1980 likaanza kulifunika Ziwa Viktoria, mitumbwi ikakwama na wavuvi wakakosa njia. Mto Kafubu na vijito vyetu vimebeba mizigo ya kutosha. Kausha mimea ya ziada juani, kisha ifanye mbolea ya bustani. Na ukienda kuchukua mmea wa porini, chukua kipande kimoja chenye mizizi, uwaachie wengine, na usichukue chochote ndani ya hifadhi za Upemba na Kundelungu.

Soma majani

Kuanzia wiki ya pili mmea utakuambia wenyewe unachotaka. Jani changa likiwa la njano huku mishipa yake ni kijani, umekosa chuma, ongeza kidonge kimoja cha udongo mwekundu, au mbolea ya chuma ya majini kidogo sana. Jani la zamani likitoboka matundu madogo, ni potasiamu. Jani likifunikwa na mwani, punguza saa mbili za taa na upunguze chakula cha samaki kabla ya kununua dawa yoyote. Dawa nyingi za kuua mwani zina shaba ndani yake, na shaba tunayo ya kutosha. Jani moja la zamani likigeuka njano peke yake, huo ni uzee, likate tu.

Mdogo wangu, usianze na mimea sita. Tafuta Anubias moja yenye majani manne au matano, jiwe moja na uzi, na uyafanye haya ya leo kwa mpangilio. Ikishafikisha majani nane au tisa, kata shina katikati, kila upande ubaki na majani yasiyopungua matatu, na sasa unayo mawili. La pili mpe jirani yule yule ambaye ukuta wake umeziba dirisha lako, na umfundishe asilifukie shina. Hivyo ndivyo mimea hii itakavyoenea Lubumbashi, nyumba kwa nyumba, bila mtu kuagiza kitu kutoka mbali kwa bei asiyoiweza.

Niandikieni jani la kwanza likitoka.

Yaya wenu